Mlango wa Gari la Mkunga

Hakuna anayekumbuka ni nani aliyeanza kumwita Jicho, lakini kila gereji ya mtaa ule ilijua sababu. Mletee gari lililopigwa na jua hadi rangi yake imesahau jina lake, naye atalizunguka mara moja, atapiga goti na kufuta vumbi kwa kiganja. Kisha ataingia kwenye kibanda chake cha makopo, na wewe uliye nje utasikia kijiti kikizunguka ndani ya kopo, taratibu, kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa. Tone la nyeusi. Tone la njano. Tone la kitu ambacho hakitaji. Akitoka, ana rangi ileile mkononi. Si inayofanana nayo, ni ileile.

Mafundi wengine walikuwa na kile kimashine kinachobandikwa kwenye bodi ya gari kikakutajia namba za rangi. Jicho hakuwa na ugomvi nacho. Alisema tu kwamba kimashine kikishamaliza, lazima mtu aangalie tena kwa macho, basi yeye anaanzia hapo wanapomalizia wenzake.

Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na kilemba chake cha kazini kilikuwa na doa la kila gari lililowahi kupita mikononi mwake. Na alikuwa na maringo, tusifiche. Akiwa njiani akaona gari alilolipiga rangi linapita, alisimama kabisa, akaliacha limpite, akalisindikiza kwa macho mpaka likate kona, kama mama anayemtazama mwanawe akienda shule na sare mpya. Hapo hata ungemsalimia asingekusikia.

Ndiyo maana watu wa televisheni walipofika kwenye gereji aliyoshirikiana na fundi bodi mmoja aliyeitwa Nyundo, mtaa mzima haukushangaa. Kipindi chao kiliitwa Fufua Mkweche. Walichagua gari bovu la mtazamaji mmoja, wakalivua hadi mifupa, wakalinyoosha, wakalishonea viti, wakalipiga rangi, na kila Jumapili alasiri nchi nzima ikakaa kutazama lilipofikia. Utamu wa kipindi haukuwa gari peke yake. Utamu ulikuwa maoni. Watazamaji waliandika kutwa kucha, na mtangazaji, kijana mtanashati mwenye viatu vyeupe ambavyo havikuwahi kuingia gereji kabla ya hapo, aliyasoma mengine mwanzoni mwa sehemu iliyofuata, matamu kwa machungu.

Safari hii lilichaguliwa gari dogo la mkunga mmoja mstaafu. Alikuwa ameliendesha miaka na miaka akikimbilia wanawake wenye uchungu, na tangu astaafu lilikuwa limekaa uani kwake, matairi yamelala, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Rangi yake ya asili ilikuwa bluu ya kijivu yenye chenga za kung'aa, kama shingo ya njiwa anapogeuka. Jicho aliipata siku ya kwanza. Alipuliza kidogo kwenye kipande cha bati, akakisimamisha juani ubavuni mwa gari, na kile kipande kikapotea. Ilibidi mpiga picha aulize kiko wapi.

Jumapili hiyo maoni yalimiminika. Sebuleni kwa Jicho, mama mkwe wake alikuwa amekalia kiti cha karibu kabisa na televisheni, kwa maelezo kwamba masikio yake hayaoni vizuri. Mumewe Jicho, mwoka mikate anayeamka kabla ya majogoo, alikuwa amelala kwenye kochi na mdomo wazi, kama kawaida yake ya Jumapili. Wifi yake, dada wa huyo mume, alikuwa kwenye mkeka na simu yake, akiyasoma maoni kwa sauti kabla hata mtangazaji hajayaona.

"'Huyu mama apewe wizara,'" wifi alisoma. "Wizara gani hawajasema."

"Ya rangi," mama mkwe akajibu, bila kugeuza shingo.

"'Nimeoa, lakini nikimwona huyu fundi akikoroga kopo natamani kuwa kopo.' Mh! Kaka, amka, unaibiwa!"

Kaka alikoroma.

Jicho aliyasikia yote huku akijifanya anatafuta kitu kabatini. Alikitafuta kile kitu muda mrefu sana, maana kabati lilikuwa karibu na wifi.

*

Sasa, mlango wa mbele wa kushoto wa gari lile ulikuwa umeliwa na kutu hata ungeweza kupitisha mkono. Nyundo aliuangalia, akautikisa, akausomea buriani. Ukatafutwa mwingine kwenye magari chakavu, nao ulichelewa kuja. Ulipofika, gari zima lilikuwa limekwisha kupigwa rangi, likimsubiri mwenzake huyo mmoja.

Jicho alikuwa ameshaandaa mnyororo wa kuuning'iniza pale mwongozaji wa kipindi alipomjia. Alikuwa kijana mpole wa maneno, mwenye tabia ya kutengeneza dirisha kwa vidole na kukuchungulia ndani yake.

"Mama, nina wazo. Kamera naiweka juu, darini. Mlango tunaulaza mezani. Wewe unapita na bunduki yako ya rangi, na rangi inafunguka chini yetu kama ua. Watazamaji watalia, mama. Watalia."

"Mlango haulazwi," Jicho alisema.

"Kwa dakika chache tu. Ile mikono yako, mama, haijaonekana bado. Watu wameona uso wako, wamesikia sauti yako, ile mikono hawajaiona."

Jicho aliitazama mikono yake. Ilikuwa na nyufa, na kucha zake zilikuwa na rangi ya wiki nzima. Hakuna mtu aliyewahi kuisemea neno.

"Leteni meza," akasema.

Nyundo, aliyekuwa akipita na bampa begani, alisimama. "Tangu lini mlango unalazwa? Unaumwa?"

"Ni kwa ajili ya picha."

"Haya. Ukipona utaniambia." Akaenda zake.

Na ile picha ilitoka, tumpe haki yake kijana wa watu. Jicho alipita na bunduki ya rangi kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi, bega limetulia, kifundo hakipindi, na ule ubluu ukaenea juu ya bati kama anga inayokucha. Alijua kamera iko juu yake. Aliingiza madaha kidogo katika mkono, mkunjo mmoja wa ziada kila alipofika mwisho wa mlango. Alipomaliza, vijana wa taa walipiga makofi.

*

Jumapili iliyofuata, sebule ilikuwa vilevile: mama mkwe mbele, mume kochini, wifi mkekani. Mikono ya Jicho ilipotokea kwenye kioo, mikubwa kuliko mito ya kochi, mama mkwe alishusha pumzi.

"Mikono hiyo ndiyo inayonipikia chai," alisema, kama mtu anayetoa ushahidi.

Kisha mlango ukafungwa kwenye gari, na kamera ikaanza kulizunguka gari lote polepole ili watu washibe. Kwa mbele lilikuwa gari moja, jipya, safi, limetulia. Kamera ikapita taa ya mbele, ikapita tairi, ikasogea kuelekea nyuma. Hapo mlango ukaingia giza. Gari lote lilibaki na mwanga wake, ila mlango ule peke yake ukawa kama umepitiwa na wingu.

"Ni taa," Jicho akasema haraka, kabla hajaulizwa.

Simu ya wifi ilianza kulia kama panzi kwenye kopo.

"Wanasemaje?" Jicho akauliza.

"Wifi, nisome?"

"Soma, kwani nimekuziba mdomo?"

"'Huo mlango mmeuazima kwa jirani?'" Wifi alimtazama, akaendelea kwa sauti ya chini. "'Televisheni yangu nilidhani imeharibika, nikaipiga kibao. Mlango umebaki vilevile.' … 'Fundi alipuliza rangi akiwa amevaa miwani, tena si ya jua.'"

"Mimi? Nilewe?"

"Ni wao, wifi, si mimi. 'Jicho limeota mtoto wa jicho. Apelekwe kliniki mapema.'" Hapo wifi aliponyokwa na kicheko, akakifunika kwa kanga. "Samahani. Samahani, wifi yangu. Lakini huyu naye!"

"Endelea."

"Mengine ni hayohayo."

"Endelea, nimesema."

Wifi akasoma moja lisilokuwa na mzaha. "'Nilikuwa nimeshapanga kumpelekea huyu mama gari langu. Sasa nasita.'"

Hilo lilimkaa. Yale mengine yalipita juu juu kama mvua ya mabati, ila hilo lilipenya.

"Wana wivu hao," mama mkwe aliunguruma. "Andika, mwanangu. Andika hivi: mimi ni mama mkwe wake, mlango ni mzuri na kila mtu amtazame mkwe wake."

"Mama, nikiandika hivyo watacheka mpaka kesho."

"Wacheke. Meno ni yao."

*

Siku zilizofuata Jicho alikwenda kazini kichwa juu, shingo ngumu. Muuza vocha wa kona alimpungia mkono mbele ya uso. "Jicho, vidole vingapi hivi?"

"Vitano, na vyote vichafu. Na meno yako nayo naona yamebadilika rangi, ila bahati yako yamebadilika yote."

Watu wakacheka upande wake, akapita. Lakini kucheka kwa watu si dawa. Kila aliyeingia gereji alianza na habari ya mlango, na kila mmoja alijibiwa neno lilelile: taa. Taa za televisheni ni kali, taa za televisheni zinadanganya, aliyekaa kwenye kochi lake ataijuaje rangi? Alikuwa na kile kipande chake cha bati mfukoni mwa ovaroli, na alikitoa kama askari anavyotoa kitambulisho. Rangi ni hii. Niambieni kosa la hii.

Nyundo alivumilia. Alikuwa mtu wa kupiga vyuma na hakupenda kelele za aina nyingine. Mwisho aliweka chini nyundo yake.

"Twende tukalione gari."

"Nikaone nini? Rangi naijua."

"Rangi unaijua. Mlango hujauona."

Gari lilikuwa kwenye banda la watu wa televisheni, limefunikwa, linasubiri siku ya kukabidhiwa. Mlinzi aliwafungulia, nao wakalisukuma hadi nje kwenye jua la asubuhi, jua lisilompendelea mtu. Jicho alisimama ubavuni mwa gari, mkabala na mlango. Mlango na madgadi, madgadi na boneti, kitu kimoja. Alitoa kipande chake cha bati, akakisimamisha, kikapotea kama siku ile ya kwanza. Moyo ulimruka kwa furaha. Alifungua kinywa amwambie Nyundo maneno ambayo alikuwa ameyatunza tangu Jumapili.

Lakini miguu yake, iliyozoea kazi, haikungoja kinywa. Ilimpeleka nyuma ya gari, kwenye taa ya nyuma ya kushoto, na macho yake yakateleza ubavuni kuelekea mbele, kama alivyofanya kwa kila gari tangu ujana wake.

Mlango ulikuwa mweusi.

Alisogea mbele, ukang'aa. Alirudi nyuma, ukazima. Mbele, nyuma. Uliwaka na kuzimika kama unamkonyeza.

Nyundo aliinama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Jicho aliujua ugonjwa mara moja, na hakuhitaji kuambiwa na mtu. Rangi ile ina chenga nyembamba kuliko unga, na rangi ikiwa bado mbichi chenga huogelea ndani yake, kila moja ikitafuta pa kulala. Gari zima lilikuwa limepigwa rangi likiwa limesimama, na chenga zake zilikaa jinsi zinavyokaa kwenye ubavu wa gari. Za mlango uliolazwa mezani zilizama zikalala chali, zote zikitazama juu, zikitazama kamera. Simama mbele yake unameremeta. Utazame kwa pembeni, haukujui. Mchanganyiko ulikuwa sahihi hadi tone la mwisho. Kilichokosewa ni kile ambacho mwanafunzi wa wiki ya kwanza huambiwa: mlango hupigwa rangi ukiwa umesimama, kama utakavyoishi.

"Kwa nini hukunizuia siku ile?" hatimaye alimuuliza Nyundo.

"Nilikuuliza kama mlango unaumwa."

"Hukuuliza kwa nguvu."

"Ulikuwa unaitazama kamera, dada yangu. Hata ningekupigia ngoma."

Alitaka kukasirika. Akaishia kukaa chini, kwenye saruji, mgongo ameuegemeza kwenye tairi la mkunga, na kilemba chake akakivua akakishika mapajani. Wale watu wa makochini, waliokula karanga huku miguu iko juu ya meza, walikuwa wameona kitu ambacho yeye hakutaka kukiona.

*

Mwongozaji alimsikiliza kwa upole, kisha akacheka kwa upole.

"Mama, umenitisha, nilidhani injini. Rangi ni jambo dogo. Siku ya kukabidhi tunaitengeneza kwenye kompyuta, mlango unakuwa sawa na gari, na mtangazaji anasema neno moja juu ya taa. Limekwisha. Tena jina lako linasafishika mbele ya nchi nzima."

"Na mkunga?"

"Mkunga kafanyaje?"

"Atakuwa analitazama gari lake kwa kompyuta?"

Mwongozaji alikuna sikio. "Mama, Alhamisi wageni wamealikwa. Majirani zake wote wanakuja. Mlango ule ni mzuri. Na yule bibi kwa umri wake, kusema kweli, hata tofauti hataiona."

Jicho alirudi gereji kwa miguu ingawa ilikuwa mbali. Hesabu ilikuwa nyepesi, na ndiyo iliyomuuma. Akikubali habari ya taa, jina linabaki zima na mlango unabaki mbovu. Akisema kweli mlango utapona, lakini jina halina pa kupigwa msasa. Nani atampelekea gari mtu aitwaye Jicho aliyekiri mbele ya nchi nzima kwamba hakuona? Angebaki na lile jina kama kofia ya marehemu. Na alilipenda jina lake. Alilipenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu yeyote, hata yule mume anayekoroma.

Alhamisi ilifika. Mkunga alikuja na gauni lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate, na nyuma yake majirani, wamejipamba kama wanakwenda kumtoa bi harusi. Gari lilikuwa chini ya shuka jekundu. Taa ziliwaka, kamera zikageuka, mtangazaji akasogeza viatu vyake vyeupe mbele.

"Na sasa," aliimba, "wakati ambao nchi nzima imeungojea! Watazamaji wetu, zile taa zetu wiki iliyopita zilitufanyia utani kidogo…"

"Ngoja," Jicho alisema.

Hakupaza sauti. Alitoka upande wa mafundi, akaenda akaweka kiganja juu ya lile shuka, mahali palipokuwa na mlango. Mtangazaji alimtazama mwongozaji. Mwongozaji alifungua mdomo kusema kata. Mpiga picha, ambaye naye alikuwa na gari lililopigwa rangi na Jicho, alijifanya hakumwona.

"Si taa," Jicho alisema. "Watazamaji wameandika kwamba mlango huu haufanani na gari. Wameona sawasawa. Rangi nimeichanganya mimi na haina kasoro. Mlango nimeupiga rangi mimi, na una kasoro. Niliupiga umelala, nao hupigwa umesimama, na nilikuwa najua. Nililifanya hilo kwa sababu picha ilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa mzuri ndani yake." Alimgeukia mkunga. "Mama, shikamoo. Nisamehe, umevaa umependeza na watu wako wamekuja. Gari lako sikupi leo."

Jirani mmoja alinong'ona kwamba yeye alikuwa amefunga duka.

Mkunga alimtazama Jicho kutoka kilembani hadi viatuni, polepole, kwa jicho la mtu aliyezoea kujua kwa kutazama tu kama mambo yako tayari au bado.

"Marahaba, mwanangu. Kwani tofauti yenyewe ni kubwa? Mimi sijaiona."

"Mimi naiona."

"Utaendelea kuiona?"

"Kila utakaponipita barabarani."

"Basi." Mkunga aliwageukia majirani akapiga makofi mawili, kama anawafukuza wodini. "Haya, tokeni, tokeni, muda bado. Maisha yangu yote nimengoja watoto wakaidi kuliko mlango. Tutaitwa ukiwa tayari. Wewe wa viatu vyeupe, hakuna hata chai hapa?"

*

Jicho aliung'oa mlango mwenyewe. Aliusugua kwa msasa na maji hadi ile rangi iliyopigiwa makofi ikatiririka sakafuni kama maziwa machafu, na hakuitazama ikienda. Aliuning'iniza kwa mnyororo, akampa Nyundo kazi ya kuhakikisha umekaa kama ulivyokaa garini, usiinamie mbele, usiegemee nyuma. Nyundo alitumia timazi ya waashi. Hakufanya mzaha hata mmoja, na kwake hiyo ni heshima kubwa.

Watu wa televisheni walikuja, maana mwongozaji, baada ya kununa kwa siku nzima, alikuwa ameitazama upya ile picha ya Alhamisi akakuta mwili unamsisimka. Lakini chumba kile kilikuwa chembamba. Mlango ulielekea ukutani, Jicho alielekea mlango, na kamera haikuwa na pa kusimama isipokuwa nyuma yake.

"Mama, geuka kidogo. Kidogo tu."

"Nikigeuka rangi inatiririka."

"Tunapata mgongo peke yake, mama."

"Ndio unaofanya kazi leo."

Akapuliza. Bega limetulia, kifundo hakipindi, na safari hii mkono haukuongeza mkunjo wowote mwishoni. Tabaka la kwanza lilikuwa ukungu. La pili lilikuwa umande. La tatu lilipotua alirudi hatua nyuma, akaenda pembeni kabisa, shavu likakaribia kugusa ukuta, akautazama kwa upande, wakati mwongozaji akingoja na mpiga picha akingoja na Nyundo, ambaye hakuwa na imani na kungoja, akiwa ametoka nje. Rangi ilikauka. Jicho alianza kuosha bunduki yake ya rangi, na Nyundo alipochungulia akaona anaiosha huku anaimba, akajua.

Siku ya kukabidhi kwa mara ya pili, majirani walikuwa pungufu na mkunga alikuwa na gauni la kila siku. Alipoingia garini alisogeza kiti mbele kwa teke moja la mazoea, akashika usukani kama kuna mtu ameshaanza uchungu mahali, akapiga honi bila sababu yoyote. Kila mtu alikuwa mbele ya gari akipiga makofi. Jicho alikuwa nyuma, kwenye taa ya kushoto. Macho yake yalipita ubavuni, yakafika mlangoni, yakaupita, yakatokea mbele, na hayakujikwaa popote. Gari likaondoka. Alilisindikiza mpaka likate kona.

*

Lakini gari kuwa sawa barabarani ni jambo moja, na Jumapili ni jambo jingine. Alasiri ile Jicho hakwenda kabatini. Alikaa kwenye mkeka pembeni ya wifi yake, magoti yamekutana, kama mtoto anayengoja majibu ya mtihani. Mume alikuwa macho. Alikuwa amekunywa kahawa kwa makusudi, na alikaa wima kochini akionekana mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe.

Kipindi kilianza. Jicho alijisikia akisema yale maneno, na mama mkwe, aliyekuwa ameshasimuliwa mara tatu, alipiga kite kana kwamba hajui kitakachofuata. Ukaja mgongo, mrefu sana, mpana, ukienda kushoto na kulia. Kisha gari likatolewa nje, na kamera ikaanza kulizunguka, taratibu, makusudi, taa ya mbele, tairi, mlango, ikasogea nyuma, ikasimama palepale pabaya, ikakaa. Mwongozaji hakuwa na huruma. Alitaka nchi nzima itafute.

Simu ya wifi ikaanza kulia.

"Haya," alisema Jicho. "Soma. Usichague."

"'Kwa hiyo mlitaka kutudanganya na habari za taa? Aibu yenu.' Hili ni la mwongozaji. 'Dakika nzima tunaonyeshwa mgongo, umeme tunalipia sisi.' Hili ni la mgongo wako, wifi, pole. 'Huyu mama amenifundisha kuomba radhi, leo nampigia simu dada yangu.' Ehe, vizuri. 'Hata mimi ni fundi, mambo ya ndani haya hayasemwi hadharani, ametuvua nguo.'"

"Huyo namjua," Jicho akasema. "Endelea."

"'Mtangazaji abadilishe viatu.' 'Mkunga huyu alituzalishia mapacha, Mungu amtunze.' 'Jicho alikosea na bado ana maringo, mwoneni anavyosimama.'"

"Kweli anayo," alisema mume wake.

"'Ningekuwa mimi ningenyamaza.' 'Ningekuwa mimi ningemfukuza.' 'Naomba namba ya mkunga.' 'Kile kilemba kinauzwa wapi?' 'Sisi wa huku umeme ulikatika, nini kilitokea?'" Wifi alivuta pumzi.

"Na mlango?"

"Mlango?"

"Wanasemaje kuhusu mlango?"

Wifi alishusha kidole kwenye kioo cha simu. Akashusha tena. Alirudi juu, akashuka tena upya, midomo ikicheza bila sauti. Mama mkwe alipunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile.

"Hakuna," wifi alisema.

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia, wifi. Wamesema mgongo, wamesema kilemba, wamesema viatu. Maoni yote haya, hakuna hata mtu mmoja aliyetaja mlango."

Jicho alinyoosha miguu yake kwenye mkeka. Aliegemea kochi, kichwa chake kikakuta goti la mumewe, akakiacha hapo. Uso wake ulifunguka polepole, kuanzia machoni.

"Soma tena," alisema.

"Nisome nini, na hakuna kitu?"

"Hichohicho."